Gari la cc 996, mlima wa Bugando na ndege isiyolipa ushuru

Toyota Passo na Vitz za silinda tatu zimejaa Mwanza kwa sababu ya kodi kuliko kwa sababu ya barabara zetu. Sheria ya ushuru wa bidhaa inasema gari la abiria lenye injini isiyozidi cc 1000 halilipi ushuru wa ukubwa wa injini, la kuanzia 1001 hadi 2000 linalipa asilimia 5, na linalozidi 2000 linalipa asilimia 10. Mtu akishaisikia hiyo sifuri, haulizi tena kitu kingine. Anaagiza gari la cc 996, analipandisha Bugando na watu watano ndani, halafu baada ya mwaka mmoja anamtafuta fundi wa gasketi.

Tupige hesabu kwanza, kwa sababu wengi wanaohofia cc hawajawahi kuiandika kwenye karatasi. Chukua gari ambalo TRA, Mamlaka ya Mapato, wamelithamini shilingi milioni 10, pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya jumla ya hizo mbili, milioni 12.5. Gari likiwa na umri unaozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, sawa na 3,750,000. VAT ya asilimia 18 inakuja mwishoni, juu ya kila kilichotangulia. Kwa gari la cc 996 lenye umri huo, jumla ya kodi ni 9,175,000. Kwa gari la cc 1496, thamani ileile na umri uleule, jumla ni 9,912,500. Tofauti ya hayo mawili ni 737,500.

Sasa badilisha umri, uache cc kama zilivyo. Gari la cc 996 ambalo halijafikisha miaka 8 halina uchakavu kabisa, kwa hiyo linalipa 4,750,000. Umri peke yake umeokoa 4,425,000, mara sita ya kile ulichokiokoa kwa kubana injini. Anayehangaika na cc huku akiagiza gari la mwaka wa zamani anaziba tundu la sindano na kuuacha mlango wazi.

Kuna daraja la katikati pia: miaka 8 hadi 10 hulipa uchakavu wa asilimia 15. Kwa injini ya cc 1496, gari lililopita miaka 10 linakamilika kwa takriban mara 1.99 ya thamani yake ya forodha, la daraja la katikati mara 1.77, na lisilofika miaka 8 mara 1.55. Gawanya 1.99 kwa 1.55 utaona kwamba gari changa linaweza kuzidi kwa asilimia 28 thamani ya lile kuukuu, na bado ukatoa fedha ileile. Tofauti ni kwamba hapa umenunua chuma ambacho hakijachoka. Hesabu hii haijagusa tozo ya reli, ada ya uchakataji ya forodha, usajili, bandari na wakala. Hizo zipo na zinauma, ila si zenyewe zinazoamua uchague gari gani. Viwango vya bajeti huanza kutumika Julai Mosi, kwa hiyo gari linalofika bandarini mwishoni mwa Juni na linalofika Julai yanaweza yasilipe sawa.

Thamani anayoitumia mkadiriaji si lazima iwe ile iliyo kwenye ankara yako. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao: unachagua aina, modeli, mwaka, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi. Kitumie kabla ya kutuma hata senti Japani. Angalia sana mwaka. Karatasi za Kijapani mara nyingi zinaonyesha mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na gari linaweza kuundwa Novemba likasajiliwa Februari inayofuata. Ukiwa kwenye mpaka wa miaka 8 au 10, miezi hiyo michache ndiyo asilimia 15 yenyewe. Mwombe muuzaji namba kamili ya chesisi, uitafutie mwezi na mwaka wa kuundwa, na umwambie akuandikie hivyo kwenye ankara.

Haya, gari limefika. Sasa mlima unaanza kudai.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mji iko juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda ni pungufu. Injini ya 1KR ya cc 996, ile ya Passo na Vitz, ina nguvu za farasi 70 hivi ikiwa usawa wa bahari. Hapa inabaki na 62 au 63, tena ikiwa nzima, plagi safi na kichujio cha hewa hakijajaa vumbi la Buswelu. Injini ya 1NZ ya cc 1496 iliyo kwenye IST inaanza na zaidi ya 100, kwa hiyo hata ikipunjwa na mwinuko inabaki na zaidi ya 90. Kwenye tambarare ya kwenda Magu hutaona tofauti kubwa. Ukipanda Bugando au Isamilo na watu watano, AC imewashwa, utaisikia: ile ndogo inalia kwa mizunguko 4,500 huku gari likienda mwendo wa baiskeli. Mizunguko mingi na mwendo mdogo maana yake ni joto jingi na upepo kidogo kwenye rejeta.

Na joto hapa lina mpaka wa karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, ule wenye springi, ambao kwenye Toyota nyingi ndogo umeandikwa 1.1 au 0.9, yaani shinikizo unaloweza kulizuia. Wenye 1.1 ukiwa mzima hufikisha mpaka wa kuchemka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea unarudi kwenye 96, na sindano ya joto haitakuonya mapema kwa sababu maji yanaanza kugeuka mvuke kabla haijapanda sana. Mfuniko mpya ni moja ya spea za bei ndogo kabisa dukani. Ubadilishe gari linapofika tu, uwe na namba ileile ya zamani. Usikubali wa 0.9 mahali pa 1.1 eti unaingia. Kuingia unaingia, ila maji yatachemka mapema.

Jambo la pili ni thermostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Gereji nyingi, gari likichemsha mara moja, fundi anaitoa na kuitupa, anakwambia nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Hilo linaharibu mambo mawili. Injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli zaidi, oili inachafuka na plagi zinakuwa nyeusi. Halafu kwenye injini ambazo thermostati inapofunguka huziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa njia hiyo inabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto: isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima yanaacha magadi kwenye mirija ya rejeta, na rejeta iliyoziba nusu haionekani kwa macho mpaka uiguse kwa mkono, injini ikiwa imezimwa: sehemu moja ya moto, nyingine ya baridi.

Gia otomatiki nayo inateswa na mlima. IST ya kwanza, yenye chesisi NCP60 na NCP61, ina gia nne za kawaida na inataka haidroliki (oili ya gia) ya T-IV. IST ya pili, NCP110, ni CVT, inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na inataka oili ya CVT tu. Ile haidroliki nyekundu inayouzwa kwa ndoo ikiingia humo, mkanda unateleza, unasikia gari linavuma halisogei, na hapo gharama imeshaingia. Ukiteremka Bugando weka gia ya chini, L au B kutegemea gari, injini ilizuie gari. Anayeteremka kwenye D huku amekanyaga breki muda wote anazipika breki, na mafuta ya breki yaliyonyonya maji yanachemka, kisha pedali inazama.

Kuhusu kumwaga oili nina msimamo ambao madereva wengi hawaupendi: kilomita 5,000 za Mwanza mjini si kilomita 5,000. Gari linalozunguka Igoma, Buzuruga, mjini na Kirumba, likisimama kila kituo, wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 20 kwa saa. Kilomita 5,000 kwa mwendo huo ni saa 250 za injini. Gari lingine linalokwenda Shinyanga na kurudi, au linalovuka Daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Geita kwa wastani wa 80, hutumia saa 62 na nusu kufika kilomita zilezile. Oili inahesabu saa, joto na mara ulizowasha injini. Dashibodi inahesabu magurudumu. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko sisi, kwa sababu mashine ya boti haina kilomita, na kitabu chake kinadai ukaguzi kila saa 100. Kwa gari la mjini mimi nasema kilomita 3,000, ambazo bado ni saa 150. IST ya 1NZ inachukua lita 3.7 hivi ukibadilisha na kichujio. Fundi akimimina galoni yote ya lita nne bila kutazama kijiti amezidisha.

Ndege za kivita huhudumiwa hivyohivyo, kwa saa za kuruka na kwa kalenda, na hapo ndipo bei yake ya kweli ilipo. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tano, inasamehe ushuru vifaa vya majeshi. Kwa hiyo anayechagua ndege ya jeshi hachagui kwa cc wala kwa mwaka wa kuundwa. Anapaswa kuangalia kazi: ifike umbali gani, itue kwenye njia ya urefu gani, ibebe nini. Wengi wanaoishabikia MiG-21 wanaitazama kasi yake ya mara mbili ya sauti. Mimi natazama tangi. Inabeba zaidi ya lita 2,500 ndani ya mwili wake na kwa matumizi ya kivita, bila tangi la ziada, haimalizi saa moja angani. Rubani akiwasha ule moto wa ziada nyuma ya injini, dakika zinapungua zaidi. IST inayokwenda kilomita 12 kwa lita ingetembea kilomita 30,000 kwa mafuta hayo, Mwanza hadi Dar es Salaam zaidi ya mara 25. Su-30MK2 sita ambazo Uganda ilizinunua mwaka 2011, kwenye mkataba wa takriban dola milioni 740 za Marekani uliojumuisha na silaha nyingine, zina uwezo wa kwenda mbali zaidi, ila kila moja hubeba kilo 9,400 hivi za mafuta. Anayeweza kuilipa ndege na asiweze kulipa saa zake amenunua sanamu la uwanjani.

Mwanza ina mfano wake wa mashine ghali kwa kazi ndogo. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22, ya mabomu na yenye kasi kuliko sauti, ilitumwa kupiga ghala la mafuta la mji huu. Ilikosea. Silaha zake ziliangukia Saanane, kile kisiwa ambacho leo ni hifadhi ya taifa, zikaua swala. Ghala lilibaki. Waliomtuma rubani walielewa jambo moja sawasawa, kwamba vita vya upande wetu vilitembea kwa mafuta ya Mwanza.

Mafuta ndiyo mahali kodi, gari na ndege vinapokutana kabisa. Ndege za jeti hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Pampu na nozeli zake zimeundwa kwa ajili hiyo, hazina shida. Injini ya dizeli haikuundwa hivyo. Kwenye Hiace yenye injini ya 5L na Land Cruiser yenye 1HZ, pampu ya kusukuma dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Hakuna oili nyingine ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu. Yakichanganywa, chuma kinasagana na chuma, na dalili ya kwanza ni gari kugoma kuwaka likiwa la moto huku asubuhi linawaka vizuri. Kwenye 1KD, injini nyingine ya dizeli ya Toyota, ambayo reli yake ya mafuta inafanya kazi kwa shinikizo linalozidi bar 1,300, uvumilivu ni mdogo zaidi: vumbi la chuma kutoka kwenye pampu linaingia kwenye nozeli zote nne kwa pamoja.

Uchakachuaji ule ulizaliwa na kodi. Mafuta ya taa yalitozwa kidogo sana ili maskini apate mwanga, dizeli ikatozwa nyingi, na mwanya wa kati ukawa biashara. Bajeti ya mwaka 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walikuwa wameshaanza kuweka kinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta mwaka uliotangulia. Faida ya kuchanganya ikaisha. Injini nyingi za dizeli zilipona kwa mstari mmoja wa bajeti, na bibi wa Ukerewe mwenye koroboi ndiye aliyelipa. Naona uamuzi ulikuwa sahihi kwa mashine na mzito kwa watu, na yote mawili yasemwe. Ukishuku umewekewa mafuta mabaya, usiliwashe tena gari. Toa mafuta yote tangini, badilisha kichujio, kata kile cha zamani uangalie kama kuna unga unaong'aa, halafu jaza upya na utoe hewa kwa pampu ya mkono kabla ya kupiga stata.

Mwaka 2017 kodi ilihama tena: ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa mwenye gari lililolala juu ya mawe, hii ni haki. Halitembei, halilipi, na madeni ya leseni yaliyokuwa yakiua magari mazima yaliisha. Kwa mwenye daladala ni sawa pia, anatumia barabara kuliko wote. Asiyestahili ni mvuvi. Mashine ya boti inayotoka mwalo wa Kirumba au Igombe inachoma petroli usiku kucha, na kwenye kila lita ameshalipia barabara ambazo boti haizigusi. Kuna nchi zinazowarudishia wavuvi kodi hiyo, au kuwauzia mafuta yaliyotiwa rangi. Sisi tunacho tayari kinasaba cha mafuta, kwa hiyo kutofautisha mafuta si jambo geni kwetu.

Kwa anayenunua gari lililokwisha kuwa na namba, mambo ya bandarini hayamhusu, ila kadi inamhusu. Kuhamisha umiliki TRA kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Wengi huridhika na mkataba wa mwanasheria na kadi yenye jina la mtu mwingine, kisha faini za barabarani zinaendelea kumfuata muuzaji na bima inakataa kulipa siku ya ajali. Kabla ya kutoa fedha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi uone madeni, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na umpeleke muuzaji TRA mwenyewe, siku hiyohiyo unayomlipa.